Datsun ya Mzee Mbuthia Imepoteza Paa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leo nimeiona. Datsun 240Z ya mwaka wa sabini na mbili, rangi ya machungwa, imesimama uani kwa Mzee Mbuthia huko Kiplombe, kati ya tangi la maji na kuku — bila paa! Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Sikuweza.

Maonyesho ya magari ya zamani ni Jumamosi, na kamati inataka waamuzi wayaone mapema magari yaliyobadilishwa umbo. Waamuzi ni wawili: mimi, kwa kuwa ninafundisha uhandisi wa mitambo chuoni, na Cyril Okeyo, mwenye duka la vipuri. Cyril alishika kichwa. Kwake, kukata paa la gari kama hili ni sawa na kumkata ng'ombe wa jirani pembe ili apite mlangoni. Mzee akamjibu kwamba paa hakulikata yeye. Lilipondwa na mkaratusi ulioanguka siku ya mvua ya mawe. Kama Cyril ana paa jingine dukani, alilete.

Nilikohoa kuficha kicheko.

Kazi ni ya Murunga, fundi wa bodi za malori. Chini ya milango amechomelea mabomba mazito ya mraba. Kifuniko ni turubai la lori, linakunjwa kwa mbavu za mwavuli ule mkubwa wa akina mama wa sokoni. Mzee alikimwagia ndoo nzima ya maji. Ndani, hata tone!

Nilipokuwa naaga, mkewe, Mama Waiyego, alinivuta kando. Jumapili wana ibada ya shukrani huko Turbo, miaka hamsini ya ndoa, na mzee ameapa watafika kwa Datsun. "Mimi nimemwambia siingii hapo mpaka yule madam wa chuo aseme ni sawa. Ukisema sawa, naingia."

Basi kamati imeniomba alama za ufundi na umbo, na Mama Waiyego anasubiri ruhusa ya kusafiri kwenye barabara ya malori. Kadi ya alama haina nafasi ya jambo hilo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimerudi na jeki. Gari lenye paa ni kama katoni iliyofungwa. Toa kifuniko, katoni inajipinda, na milango inakwama. Niliinua pembe moja ya nyuma, nikajaribu mlango. Ukakataa. Nikatamka kwamba bodi imelegea.

Mzee aliingia nyumbani tu, bila kuaga. Murunga, aliyekuja kushuhudia, ndiye aliyeongea: "Madam Akumu, hiyo chuma ningeweka kwa lori ya mahindi, ingebeba bila kulalamika."

Nilikuwa na hakika — na hakika yangu ikishakuwa kubwa hivyo, kwa kawaida kuna kitu sijakiangalia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kilikuwepo! Sikuujaribu mlango kabla ya kuinua gari. Mwanafunzi angefanya hivyo, ningemkata alama. Leo nimeujaribu gari likiwa chini: mgumu vilevile. Nikapitisha kidole pembezoni. Raba nene, nyeupe, isiyo ya gari hili.

Mzee alikiri. Aliitoa kwenye friji kuukuu, akaibandika mwenyewe, mlango ujifunge kimya kama wa gari la mbunge. Murunga alikaa chini kabisa kwa kucheka. "Mzee! Raba ya friji kwa Datsun? Unataka Mama akae fresh?"

Tuliibandua. Tukaweka gunia la mahindi kwenye kila kiti, tukainua tena. Mlango ukafunguka na kufungwa kama wa kabati. Nikarudia upande wa pili. Vilevile. Nafuu niliyoipata! Nilimwomba Murunga msamaha mbele ya mzee. Akasema hana neno, bora jina lake lisizunguke mjini vibaya.

Hapo ningeondoka. Lakini Mama Waiyego alitaka kuonja kiti. Akapangusa vumbi, akaketi, akavuta mshipi wa usalama, akauliza huku nyuma unashikwa na nini.

Nikaangalia. Zamani ulishikwa na nguzo ya paa. Paa lilipokwenda, nguzo ilikwenda nalo, na mshipi ukafungwa kwa bolti kwenye bati la nyuma. Niliuvuta kwa mkono mmoja. Bati likanifuata kama mfuniko wa debe.

Siku mbili nimechunguza milango!

Mzee alisema wataenda polepole. Nikamwambia lori la upande wa pili haliji polepole. Dawa ni bomba la upinde nyuma ya viti, lichomelewe kwenye sakafu ya chuma, mishipi ishikwe hapo. Mzee akapitisha mkono juu ya viti. "Hiyo ni ya kushikilia mbuzi kwa pickup, madam." Murunga naye akaona upinde utalivunja umbo, na ni yeye aliyelichonga.

Kwa alama za umbo, hawajakosea.

Jumamosi, 16 Agosti

Datsun imekuja uwanjani bila upinde. Iking'aa! Watu walipanga foleni kupigwa picha nayo. Hata Cyril aliipapasa akidhani simwoni.

Nilifikiri sana kabla ya kujaza kadi. Je, nimnyime mtu alama kwa kosa ambalo kanuni haziliulizi? Au kanuni ni kichaka tu cha kujifichia? Mwishowe nilitoa alama zinazostahili, na ni nyingi. Imeshinda kundi lake.

Wakati wa makofi nikamwona Mama Waiyego akinitazama huku anatabasamu, na nikaelewa alivyoelewa: kwake, ushindi huo ni ruhusa. Nilimfuata. Mzee alikuwa na marafiki zake, kikombe cha ushindi mkononi. Ingekuwa heshima kungoja faragha. Sikungoja.

"Mama, kikombe ni cha uzuri. Kwenda Turbo na gari hili, mimi sijasema ni sawa."

Mzee akageuka: "Madam, umenipa kikombe kwa mkono mmoja, ukaninyang'anya bibi kwa mwingine."

Marafiki wakacheka. Yeye hakucheka. Nimerudi nyumbani na aibu, lakini kifua chepesi. Huenda nilikosea namna ya kusema. Jambo lenyewe, sidhani.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa kwenye karakana ya Murunga. Alinipigia simu asubuhi: njoo uvute.

Mzee alimletea gari jana hiyo hiyo, moja kwa moja kutoka uwanjani. Hakueleza. Alisema tu, weka ile ya mbuzi. Sasa upinde umesimama nyuma ya viti, bila rangi, una alama za moto. Na wala si mbaya! Au labda macho yangu yanaupendelea.

Nilivuta mshipi wa abiria kwa mikono yote miwili, nikakanyaga kizingiti, nikalala nyuma kwa uzito wangu wote. Hakuna kilichosogea. Nikavuta tena. Nilitaka kulia kwa furaha, mbele ya mzee na Mama Waiyego, waliokwisha kuvaa nguo za kanisani.

Murunga akahamia upande wa dereva kuchomelea kibao cha kushikia mshipi wa pili. Cheche mbili, tatu — stima ikapotea! Mtaa mzima.

Simu ya mzee hailali. Kwaya imeshaanza kuimba huko Turbo. Amesema upande wa Mama uko tayari, yeye ataendesha hivyo hivyo, amezoea. Mama Waiyego amechukua ufunguo, ameutia kwenye mkoba, ameukalia mkoba.

"Mbuthia, mimi sitaki kuwa mjane mwenye mshipi."

Murunga amekwenda kuazima jenereta. Mzee amezunguka gari, amesimama, amevua koti. Sasa amevuta kiti cha plastiki karibu na cha mkewe, na anamuuliza mchungaji kwa simu kama inawezekana waanze na mahubiri, shukrani zingoje wenyewe wafike.