Matairi Mabubu

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu zangu nyingi. Kabla sijasema lolote nataka kujua nyonga inaendeleaje, kama usingizi unapatikana, na kama yule jirani yako mwenye cherehani bado anakuja asubuhi kukusaidia kushuka kitandani. Wifi yako anakusalimu sana. Yuko jikoni anaosha vyombo kwa kelele, maana yake anajua ninakuandikia na anasubiri kuona kama nitaandika yote.

Barua zako zote nimezipata. Nisamehe kwa kukaa kimya. Ningeweza kukupigia simu, lakini tunajuana: ningekuuliza habari za mvua, ungenieleza kirefu kama kawaida yako, kisha ningesema salio linaisha. Karatasi haina mahali pa kukimbilia.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, yale matairi ninayoyajaribu, kama yatafaa kwa safari ya kuja kukuchukua, maana mwenye nyumba wako anataka nyumba yake iwe wazi mwisho wa mwezi na wewe huwezi kukaa kwenye basi na nyonga hiyo. La pili, kama chumba cha chini kimeshakuwa tayari. Nitajibu yote mawili. Niruhusu nianze na matairi, kwa sababu ndiyo yaliyoleta mengine yote, na kwa sababu kaka yako hajawahi kujibu swali bila kwanza kufundisha somo.

Unajua kwamba tangu nistaafu pale chuo cha ufundi ninaliandikia lile gazeti la magari. Safari hii mhariri alinipa seti ya matairi ya kiangazi, yale ya mwendo kasi ambayo vijana huyatazama dukani kama wanatazama mchumba. Alitaka niyafunge kwenye gari langu kuukuu na niyaendeshe kama mtu wa kawaida, wa kwenda kazini na sokoni, kisha niwaambie wasomaji kama yanafaa kwa maisha ya kila siku.

Tairi la aina hii limetengenezwa kwa ajili ya barabara ya moto. Mpira wake ni laini na hunata kwenye lami iliyopigwa jua. Kwenye nchi za barafu hulifungua baridi ikianza, kwa sababu mpira huo hukakamaa kama soli ya kiatu kilichosahaulika chini ya kitanda. Ubavu wake, yaani ile sehemu iliyo kati ya rimu na barabara, ni mfupi na mgumu ili gari lisiyumbe kwenye kona. Kwa hiyo unapata breki nzuri na kona nzuri. Lakini tairi huisha upesi, hupiga kelele, na kila shimo unalipokea mwilini kama lilivyo, kwa kuwa hakuna ubavu wa kulimeza. Mtu mwingine angeniuliza ningemjibu pale pale kwamba mgonjwa wa nyonga asipakiwe kwenye matairi hayo.

Sasa sikiliza ajabu. Fundi wa matairi, yule ambaye mtaa mzima unamwita Kibiriti kwa jinsi anavyowaka haraka, aliyafunga, nikaingia barabarani na wifi yako kando yangu. Nilipita nyuma ya hospitali ambako lami imebanduka. Nilipita matuta ya shuleni, nikavuka reli. Kimya. Gari lilikuwa linakwenda kama limetandikiwa blanketi. Usukani haukunitetemekea hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikiimba, nikamwambia wifi yako kwamba wahandisi wamepata kile tulichokitafuta miaka yote, tairi linaloshika kama gundi na kubeba kama godoro, na kwamba wewe utalala kiti cha nyuma juu ya mito mpaka tufike. Alinijibu kwamba amefurahi, akaenda kujinyoosha chumbani na kitambaa cha maji ya moto mgongoni. Nilidhani ni jua.

Niliwaza sana juu yako siku zile, na mchezo wetu kwenye lori la baba. Unaukumbuka? Tulikaa nyuma juu ya magunia, tukafumba macho, na kila mmoja ataje tulipo kwa kusikia barabara tu. Mbao za daraja. Kokoto za kwenye kinu. Lile bonde kabla ya kona ya kwa mwashi. Ulikuwa unanishinda kila siku, na mimi nikidai kwamba unachungulia. Maisha yangu yote ya udereva yalitoka kwenye lori lile. Wanafunzi niliwaambia kwamba gari linaendeshwa kwa makalio na nyayo, mikono ni ya kusaidia tu. Walicheka, lakini waliofaulu ni walioelewa.

Basi nikaandika makala. Niliyasifu matairi kwa ulaini na kwa breki, nikaandika kwamba ukigusa tu pedali gari linasimama papo hapo. Niliyalaumu kwa jambo moja. Nilisema ni mabubu, hayamwambii dereva habari za barabara.

Mhariri alinipigia simu, kwa adabu nyingi, na adabu yake ndiyo iliyonichoma. Alisema mwandishi mwingine ameyajaribu matairi hayo hayo, na ameandika kwamba yalimpepeta kama mchele kwenye ungo na hayakunyamaza hata dakika moja. Nilipandisha sauti. Nilimwambia huyo mwenzetu atakuwa amejaza upepo kupita kiasi, na kwamba mimi nilikuwa ninapima matairi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Asubuhi yake nikatoka na kipima upepo changu ili nimwonyeshe mhariri. Nilichuchumaa, nikafungua vile vifuniko vidogo vya valvu, pale pa kujazia upepo, kimoja kimoja, nikapima. Upepo ulikuwa sawasawa. Lakini wakati wa kufunga, kifuniko kimoja hakikuonekana, kile cha gurudumu la nyuma, cha chuma. Nilitafuta chini ya gari, kwenye majani, mifukoni. Mwishowe nikaenda kumshtaki Kibiriti kwamba siku ile ya kufunga alinibadilishia. Akawaka mbele ya wateja. Alisema, mzee, kama ningetaka kukuibia ningechukua matairi, kifuniko ningekifanyia nini, hereni? Watu walicheka, na mimi nikacheka nao shingo upande. Nikaendelea na shughuli zangu valvu ikiwa wazi. Nilikwenda posta, sokoni, nikapanda ngazi zote za ofisi ya gazeti kwenda kugombana, nikashuka, nikarudi.

Jioni nimekaa kizingitini. Wifi yako akaja kunivua viatu, vile vipana nilivyonunua tangu miguu ianze kuvimba. Alipovuta cha kulia, kikaanguka kifuniko. Kililia kwenye saruji, kikabingirika mpaka kwenye mlango. Tulicheka kwanza. Nilisema angalau Kibiriti anastahili kuombwa radhi. Halafu akaugeuza mguu wangu kuutazama chini, akaacha kucheka.

"Mwalimu," akasema, "umetembea na hiki kutwa nzima?"

Kilikuwa kimejichimbia shimo lake chini ya kidole gumba. Soksi imegandia kwenye damu. Mimi sikuwa nimesikia hata mwasho.

Hapo ndipo aliponiambia mengine. Kwamba kwenye gari lile alikuwa ananing'inia kwenye mpini wa mlango. Kwamba reli niliivuka bila kupunguza mwendo. Kwamba kila niliposimama alinusurika kugonga kioo kwa paji la uso, kwa jinsi nilivyokuwa ninaikanyaga breki kama ninaua nyoka. Mgongo unamuuma mpaka leo. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, nilisema kwa ukali, Mungu anisamehe. Akajibu kwamba hakuwa ameniona na furaha kiasi kile tangu nistaafu, na kwamba furaha yenyewe ilikuwa kwa ajili yako.

Tulikwenda hospitali. Daktari ni mama mpole, mwenye umri wa kuweza kuwa mwanangu. Alinilaza, akaniambia nifumbe macho, atanigusa nyayo kwa uzi mgumu na mimi niseme ndiyo kila nikisikia. Nilifumba. Nikasubiri. Niliona amekawia, nikadhani anaandika. Nikamwambia niko tayari, anaweza kuanza.

"Baba," akasema, "nimeshamaliza."

Ni sukari, Kasuku. Imekuwamo mwilini miaka mingi kimyakimya, na imekula mishipa ya fahamu kuanzia chini. Mikono nayo imeanza, ndiyo maana usukani ulikuwa umetulia. Nilimuuliza, kama mtu aliyesoma, kama mishipa hiyo huota tena. Aliniheshimu kwa kutonidanganya. Alisema dawa zitazuia mengine yasiende haraka, lakini kilichokwenda kimekwenda, na kwamba nisishike tena usukani kwa sababu mguu wangu haujui kama umeigusa pedali au umeizamisha.

Makala yangu niliisoma upya nilipofika nyumbani. Ilikuwa nzuri, lugha imenyooka. Tatizo ni kwamba haikuwa na hata neno moja juu ya matairi. Ilikuwa cheti changu cha hospitali, na ingechapishwa.

Kibiriti alikuja mwenyewe kuyafungua ili yarudi kwa mhariri. Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Kisha akaniita nichungulie upande wa ndani wa tairi la mbele. Lilikuwa na nundu kama yai, na rimu imepinda. Siku moja, mahali fulani, nilipiga shimo la kuvunja gari na sikujua. Kibiriti hakuniambia tairi lenye nundu hufanyaje kwenye mwendo wa safari ndefu, maana hilo aliwahi kulisikia kwangu darasani. Nilikiangalia kile kiti cha nyuma ambacho mito yako ilikuwa imeshapangwa. Nimeitoa.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Ni matairi mazuri, kwa mwenye miguu.

Najua unachofikiria sasa, kwamba dereva anaweza kupatikana. Anaweza. Kibiriti amejitolea kuja kukuchukua kwa matairi ya kawaida na kwa mwendo wa harusi, na ningekubali siku ile ile kama shida ingekuwa barabara tu.

Lakini kidonda hakikufunga. Kidole gumba kimeshakatwa, na jirani yake pia. Daktari anautazama mguu kila wiki na safari ya mwisho aliutazama muda mrefu. Siruhusiwi kupanda ngazi. Chumba cha chini kilikuwa tayari, mdogo wangu, tangu mwezi uliopita. Kitanda tuliweka dirishani ili uone watu wanaopita na upate wa kuwasema. Pazia ni la kijani, kama ulivyotaka. Seremala alifunga chuma cha kujishikia kwenye mlango wa bafu, nikampa kimo chako.

Ninakuandikia nikiwa humo. Ninalala kwenye kitanda chako. Kile chuma kiko chini mno kwangu, nalazimika kuinama kukishika, na kila nikiinama nakukumbuka.

Wifi yako ananisafisha kidonda asubuhi na jioni, ananibeba nusu kwenda bafuni, na mgongo wake ndio huo. Amesema yuko tayari kututunza wote wawili. Alisema akiwa ameshika ukuta. Nimekataa kwa niaba yako kabla sijakuuliza, na hili ndilo lililonifanya nishindwe kujibu barua zako. Ile nafasi waliyokupa kwenye nyumba ya wazee, ipokee. Najua ulivyoniambia juu ya pale, kwamba watu hawatunzwi, wanahifadhiwa. Wifi yako amezungumza na msimamizi kwa simu. Kitanda kilichobaki ni cha ukutani, si cha dirishani, na chumba ni cha watu wengi. Sina lolote la kuongeza ili isikike vizuri zaidi. Wala sitaweza kuja kukuona.

Kitu kimoja tu kimebaki ninachoweza kukufanyia, nacho ni kidogo. Watakuja kukuchukua kwa gari lao. Mwambie dereva, kwa sauti yako ile ya kumwamuru mtu bila yeye kujua, apunguze upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma kabla ya kuondoka. Kidogo tu, asizidishe. Itapunguza makali ya mashimo. Akibisha, mwambie kaka yako alikuwa mwalimu.

Msalimie jirani wa cherehani, na umshukuru kwa asubuhi zote hizo. Wifi yako ameshamaliza vyombo, amesimama mlangoni, anasema nikuandikie kwamba anakupenda na kwamba pazia hatalibadilisha.

Na siku hiyo ukiwa njiani, fumba macho. Usichungulie. Kisha uniandikie kila kitu barabara ilichokuambia, mbao, kokoto, reli kama ipo, hata matuta. Usiache hata kijiwe. Mimi huku sisikii kitu.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu