Duara Jekundu Kwapani mwa Karwirwa

Gladwell, uko? Keti kwanza.

Dada yangu Karwirwa, huyu wa kupasuliwa titi Alhamisi, amekuwa na uvimbe mwingine kwapani tangu Jumapili. Hakumwambia mtu. Mimi nimejua leo, mbele ya muuguzi.

Aliona akisema watasogeza tarehe. Wameisogeza mara mbili, na watoto ameshawapeleka Embu kwa nyanya yao. Akaamua daktari atauona mwenyewe akishaanza kukata.

Halafu akaogopa daktari asiuone. Akachukua kalamu yake nyekundu ya kusahihishia madaftari ya wanafunzi, akauzungushia duara. DUARA, Gladwell. Kama jibu la mtoto wa darasa la tatu.

Leo tumekuja kukaguliwa kabla ya upasuaji. Muuguzi akamwambia avue blauzi.

"Mwalimu, hii ni nini?"
"Uvimbe."
"Na mbona hukusema?"
"Si nimeandika?"

Si nimeandika! Kwa uso mkavu kabisa.

Muuguzi akampigia daktari papo hapo. Karwirwa akadakia, "Mwambie Alhamisi siachi."

Daktari akasema apigwe picha leo. Kuhusu Alhamisi hakuahidi kitu. Akasema tu afadhali wajue sasa kuliko kumpasua mara mbili.

Hilo la mara mbili Karwirwa hakuwa amelifikiria. Akavaa blauzi yake upesi, Gladwell. Kisha akauliza, "Chumba cha picha ni wapi?"

Sasa yuko ndani. Mimi niko kwenye benchi nimeshika sidiria yake, na sijui niombee picha au niombee Alhamisi.