Karani Aliyemwekea Baba Yake Mkalimani

Mwanza, 20 Oktoba 1961

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya tarehe kumi na nane mwezi ujao, kwa sababu baada ya siku hiyo sidhani kama kuna mtu atakayeweza kunisaidia, na naomba pia jina langu lisichapishwe gazetini, kwani hapa mjini najulikana na watu wa heshima.

Mimi ni karani wa pamba, nina umri wa miaka thelathini na miwili, nimesoma hadi darasa la kumi, na kwa miaka sita nimefanya kazi chini ya Mzungu ambaye ni msimamizi wa ununuzi katika chama chetu cha ushirika, na kila msimu tunatoka mjini kwenda vituoni, leo Usagara, kesho Kisesa, tunaweka meza na mizani na wakulima wanapanga foleni na mizigo yao. Sasa Uhuru unakuja Desemba na Bwana huyu anarudi kwao, na kiti chake lazima akikalie Mwafrika, na mimi tangu nilipopata fununu hiyo mwaka jana nimejiandaa kwa bidii kubwa, nikashona kaptula nyeupe kwa Mzee Shaibu fundi cherehani, nikanunua kofia ya jua, soksi ndefu na kiko, ingawa tumbaku inanikohoza, na saa kumi kamili nakunywa chai hata kama jua ni kali na sina hamu nayo.

Lakini niliona hayo hayatoshi, kwa sababu siku hizi kila karani ana kiko, basi nikamchunguza Bwana nikagundua kitu kimoja kinachomtofautisha na sisi wote, nacho ni mkalimani. Bwana husema Kiswahili, tarishi wetu Luhaga husimama kando yake na kukigeuza kuwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, kisha majibu hurudi kwa njia hiyohiyo, na katika kwenda na kurudi huko, Mshauri, kuna heshima ya ajabu, kwani mkulima hubaki amesimama akisubiri. Nikaamua kwamba na mimi nitasema na wakulima kupitia kwa Luhaga. Mimi ni Msukuma wa Kisesa, kwa baba na kwa mama, ila nilimwambia Bwana kwamba nilipelekwa shule ya misheni nikiwa mdogo sana na lugha ya nyumbani imenitoka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, isipokuwa siku moja jiwe la mizani liliponiangukia vidoleni nikamlilia mama yangu kwa Kisukuma, na mkulima mmoja akasema, "Luhaga, hebu tutafsirie, Bwana Karani anasema nini?" na foleni nzima ikacheka mpaka kazi ikasimama. Mke wangu Bernadeta naye aliniuliza kama ugomvi wetu wa nyumbani nao sasa utamhitaji Luhaga, nami nikamjibu kwamba mambo ya vyeo hayajui.

Shida yenyewe ilianza Agosti katika kituo cha Kisesa. Siku hiyo alikuja mgeni kutoka makao makuu, Mzungu mwingine mwenye daftari, nami nikaelewa kwamba amekuja kutazama ni nani anayefaa kupewa kiti. Nikiwa mezani na kiko changu nikainua macho, nikamwona baba yangu mzazi mbele ya foleni, na nyuma yake mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba ambayo mama na dada yangu Mhoja waliichambua kwa wiki tatu. Bwana, ambaye hamjui baba, alimwambia "Mwangaluka," kama wenyeji wanavyoamkiana asubuhi, nadhani kwa mzaha tu. Mshauri, na mimi nilitaka kusimama nimwamkie, hata magoti yalikwisha anza kuinuka, lakini mgeni alikuwa ananitazama, nami nikakumbuka kwamba lugha imenitoka. Nikamwambia Luhaga amuulize mzee huyo jina lake. Luhaga akainama, akaninong'oneza, "Karani, huyu ni baba yako." Nikamwambia, "Muulize."

Luhaga akamuuliza. Baba aliitazama kofia yangu, akazitazama soksi, kisha akasema maneno machache kwa Kisukuma, na Luhaga akayageuza kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Anasema, mwambie Bwana kwamba jina langu ni lile analoliandika baada ya lake."

Nikaandika. Kisha, ili mgeni asidhani kwamba napendelea watu wangu, nikaagiza mzigo mmoja wa baba utiwe kwenye fifi, yaani pamba chafu ya daraja la pili, ingawa haukuwa na doa. Baba hakubisha. Alimwomba Luhaga amshukuru Bwana Karani kwa kazi nzuri, akageuza ng'ombe wake akaondoka.

Tangu siku hiyo, nikienda nyumbani Kisesa, baba hasemi nami ana kwa ana. Humwita dada yangu na kumwambia, "Mhoja, muulize Bwana kama amekula." Mhoja hunigeuzia kwa Kiswahili huku ameuma upindo wa kanga ili asicheke, nami, kwa kuwa majirani wanasikiliza na habari za Kisesa hufika mjini kabla ya basi, hujibu kwa Kiswahili kwamba nimekula, hata kama nina njaa.

Hayo ningeyavumilia, kwani cheo hakiji bure, ila nimegundua kwamba uamuzi haumo tena mikononi mwa Wazungu, na yule mgeni alikuwa amekuja kukagua mizani tu. Watakaochagua ni kamati ya wakulima kumi na wawili, mwenyekiti wao akiwa Mzee Chenge, na mmoja wa hao kumi na wawili, aliyechaguliwa mwezi uliopita kuwa mjumbe wa Kisesa, ni baba yangu. Juzi nilipokea barua yao, nainakili hapa: "Unaitwa mbele ya kamati tarehe 18 Novemba. Kwa kuwa mjumbe wetu wa Kisesa ametuarifu kwamba hujui lugha ya wakulima, na kwa kuwa kamati haipendi kumwonea mtu, tumekuwekea mkalimani, Bwana Luhaga, ambaye naye ameomba kazi hiyohiyo na atasikilizwa baada yako."

Sasa nifanye nini? Nikimkubali mkalimani, watauliza msimamizi gani huyu asiyeweza kusema nao, na nikimkataa nikasema Kisukuma, nitakuwa mwongo mbele ya watu kumi na wawili, mmoja wao akiwa ndiye aliyenifundisha lugha yenyewe. Je, hakuna njia nyingine, kwa mfano kupeleka cheti cha daktari kwamba lugha imenirudia? Na je, ni haki tarishi kuomba kazi ambayo karani anaitaka?

Wako mtiifu,
Mwenye Sifa Zote, Mwanza

*

Karani,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La Luhaga, la mkeo na la dada yako umeyataja mwenyewe bila kuwaomba ruhusa, kwa hiyo watu wa Kisesa hawatapata taabu ya kukutambua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Nikuhurumie kwanza, maana lipo la kukuhurumia. Kwa miaka sita umefanya kazi mahali ambapo mtu asiyeelewa ndiye aliyekaa kitini, na wanaoelewa wamesimama juani. Anayetazama hali hiyo kwa muda mrefu aweza kudhani kwamba kutoelewa ndicho cheo chenyewe. Tena si wewe peke yako. Mwaka huu nimeandikiwa na mwalimu wa Nansio ambaye sasa anakula ugali kwa uma, na mpimaji wa ardhi aliyenunua mnadani mbwa wa Mzungu aliyehama. Mbwa anapewa nyama kila siku na watoto wa mpimaji wanakaa wakimtazama. Hao ni wajinga wa kawaida, wanajidhuru wenyewe. Wewe ulimuuliza baba yako jina lake.

Umechunguza kofia ya Bwana, soksi zake na saa yake ya chai. Alifanya nini katika saa nyingine zote? Hukuandika hata neno moja juu ya namna anavyotambua pamba iliyolowa, au anavyopanga vituo ili wakulima wasilale njiani, au anavyomaliza ugomvi wa mizani. Kazi unayoitaka ni hiyo. Na mkalimani alimweka kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Mtu mwenye mguu mbovu hutembelea mkongojo. Wewe una miguu yako yote miwili na umechagua kuchechemea ili mfanane. Hata hivyo neno moja la Kisukuma alilokuwa nalo, Bwana alilitumia kumwamkia baba yako. Unasema lilikuwa mzaha. Mimi nasema Mzungu huyo alimpa mzee heshima ambayo mtoto wake alimnyima, na wewe ukaendelea kuwasha kiko.

Unauliza kama ni haki tarishi kuomba kazi hiyo. Kwa miaka sita maneno ya wakulima yamepita kinywani mwa Luhaga. Anajua shamba la nani liliharibiwa na mvua, nani huficha fifi chini ya pamba safi, na mke wa nani ni mgonjwa na hastahili kusubirishwa. Miaka mitano alijifunza hayo kwa Bwana, na wa sita ulimfundisha wewe, kwa kumwachia sehemu ya kazi yako ambayo hakuna mwingine ofisini angeweza kuifanya vizuri kama wewe. Sasa unamwonea wivu kwa kuipokea.

Cheti cha daktari kisahau. Daktari atakayekiandika apelekwe hospitali yeye.

Sasa nisikilize, na ufuate kwa utaratibu huu. Usingoje tarehe kumi na nane. Jumapili hii panda baiskeli yako uende Kisesa bila kofia, bila kiko, na kwa suruali. Fika mapema, baba yako akiwa bado zizini. Mwamkie kwa Kisukuma kama ulivyofundishwa kabla hujajua kusoma, tena kwa sauti ambayo majirani wataisikia, kwa sababu walipomwona akiaibishwa hawakuzibwa masikio. Mwambie kwamba pamba yake ilikuwa safi. Habari za mgeni na daftari usimweleze, alikuwapo, aliona. Kisha mwombe radhi mama yako na Mhoja, ambao wiki zao tatu ulizitia kwenye fifi ili upendeze machoni pa mkaguzi wa mizani.

Jumatatu mwandikie Mzee Chenge kwamba mzigo ule ulishushwa daraja kwa amri yako na bila sababu. Tia sahihi kwa jina lako lote, na lile la pili uliandike kwa herufi zinazosomeka.

Tarehe kumi na nane ingia mbele ya kamati, umshukuru Luhaga, umwombe akae, kisha useme Kisukuma. Watakucheka. Waache wacheke mpaka wachoke, kwani hao ndio waajiri wako na hukupaswa kuhitaji Uhuru ili kulijua hilo. Wakikuuliza lugha ilikurudia lini, wajibu kwamba haikwenda popote. Kazi sidhani kama utaipata, na kama ningekuwa mjumbe nisingekupa. Mwaka huu ni ya Luhaga. Lakini Luhaga atahitaji karani hodari wa vitabu, na ukimfanyia kazi hiyo miaka mitatu bila kununa, huku ukisema na kila mkulima kwa kinywa chako, huenda wakulima wakakukumbuka kwa jambo jingine. Bernadeta naye anaelewa mambo ya vyeo kuliko wewe. Kabla ya kununua kitu kingine chochote kwa ajili ya kazi, muulize.

Limebaki la baba yako, nalo ndilo gumu zaidi. Usidhani kwamba Jumapili moja itatosha. Huenda ukimaliza kumwamkia atamwita Mhoja na kumwambia, "Muulize Bwana anataka nini." Usikasirike, wala usimjibu Mhoja. Mjibu baba. Kisha chukua jembe umfuate shambani, mng'oe pamoja mashina ya pamba ya msimu uliokwisha, na jioni urudi mjini. Jumapili inayofuata nenda tena, na inayofuata, hata kama miezi itapita na Mhoja bado anaitwa. Ipo siku ambayo mzee atakukemea mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa Kisukuma, bila kumwita mtu. Siku hiyo usijitetee. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, kisha umwambie kwamba hujala.

Mshauri