Nguzo ya Lango la Muuguzi

Jumanne, 10 Machi

Leo nilikuwa kwa muuguzi mstaafu, yule anayetuandikia barua sisi wa shirika la umeme kila mwezi kuhusu nguzo ya umeme iliyoinama mbele ya dirisha lake. Ana ulimi huyo mama! Eti akifungua pazia asubuhi, nguzo inamwamkia kabla ya mumewe. Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika. Tumekubaliana: nguzo ing'olewe, mpya isimame uzioni karibu na lango, na kutoka hapo umeme uingie nyumbani kwa waya wa chini ya ardhi. Ametia sahihi kuruhusu tuchimbe uani kwake.

Tatizo — kuna waya wa zamani humo ardhini, unaokwenda kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Una umeme saa zote. Niliutafuta kwa kifaa nikaupata: mita sita kulia kwa nguzo ya kulia ya lango lenyewe. Mtaro wetu nikauchora kwenye ramani mita nne kutoka nguzo hiyohiyo. Pengo la mita mbili, salama kabisa, hakuna haja ya kuzima mashine ya watu.

Mara mvua! Na vigingi nimevisahau ofisini — kichwa hiki! Utaratibu ni kupima kutoka sehemu mbili zisizohama, kona ya nyumba kwa mfano, kisha kupiga vigingi. Nimepima kutoka langoni tu, nikakimbilia garini. Kwenye fomu nimeandika vigingi vimepigwa. Nitarudi kuvipiga. Lango litakwenda wapi?

Wakati wa kuagana nilimwambia lango lake ni jembamba, gari la kung'olea nguzo halitapita. Akasema hilo nimwachie yeye.

Jumatano, 11 Machi

Shemeji, mdogo wake mume wangu, amepata kibarua kwenye kikosi chetu cha kuchimba. Nilimwombea mimi mwenyewe kwa msimamizi. Jioni amekuja kushukuru. Eti sasa mimi ni bosi wake, basi leo sipiki, anapika yeye. Nikamwambia chakula chake tunakijua, aoshe vyombo tu yatosha. Akaosha kweli! Ataanza Jumatatu, kwa muuguzi.

Vigingi bado. Kesho.

Ijumaa, 13 Machi

Mungu wangu.

Muuguzi amepiga simu, furaha tele. Lango limepanuliwa! Fundi kamaliza jana. Nguzo ya kulia imesogezwa mita mbili, sasa gari lolote litapita. Nikamwambia ahsante. Ahsante!

Mita nne kutoka nguzo mpya ya lango ni mita sita kutoka ile ya zamani. Mtaro utaangukia juu ya waya wa mashine, juu yake hasa. Na wachimbaji hawana kifaa cha kutafutia waya. Wana ramani yangu, tepu, na sururu za chuma.

Nimefika mlangoni kwa injinia mara mbili. Mara mbili nimegeuka. Januari alinipa barua ya onyo, kosa hilihili, fomu niliyojaza bila kufika eneo la kazi. Alisema safari ijayo hakuna barua, ni kufungasha. Na mume wangu yuko nyumbani tangu kiwanda kifungwe. Tutakula nini?

Kesho nitakwenda mwenyewe kupiga vigingi, yaishe kimyakimya.

Jumamosi, 14 Machi

Lango jipya, kufuli jipya. Mwenye mashine anasema muuguzi na mumewe wamekwenda kwa binti yao, ufunguo wamemwachia msimamizi wetu. Nimesimama pale na vigingi vyangu kama mwizi wa kuni. Nimwombe msimamizi ufunguo? Atauliza wa nini. Na yeye na injinia ni chanda na pete.

Nimewagombeza watoto bure leo. Naogopa, nasema kweli.

Jumapili, 15 Machi

Nimepata njia. Nimemwomba shemeji kesho asiende, aje anizibie paa, chumba cha watoto kinavuja. Kashangaa: siku ya kwanza kazini, shemeji? Nikasema nitamsemea kwa msimamizi. Hajui kunikatalia.

Wale wengine ni wazoefu. Wataona udongo ulikwishachimbwa zamani, watashtuka wenyewe. Lazima watashtuka. Mchana nimekula vizuri, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu, 16 Machi. Saa moja na nusu asubuhi

Shemeji kaja mapema na nyundo yake. Akiwa anapanda ngazi kaniambia nisihofu, kazini hakuacha pengo: nafasi yake kampa Baba Pacha, jirani yake, anayehangaika kutafuta kazi tangu mwaka jana. Kafurahi huyo! Mkewe kamfungia chakula, katoka nyumbani akiimba.

Nikakaa kitako sakafuni. Wale pacha wanasoma darasa moja na mwanangu.

Nimempigia msimamizi, hapokei. Nimempigia injinia. Nimesema yote — lango, vigingi, fomu. Nimelia katikati lakini nimemaliza. Hakunitukana. Kasema nisikate, anampigia msimamizi kwa simu ya mezani. Halafu kasema wameanza saa moja leo, kukwepa jua.

Saa moja! Mimi nilijua saa mbili!

Simu iko sikioni. Naandika ili mkono upate kazi. Nasikia ile ya mezani inaita, inakatika, injinia anapiga tena.

Nyundo imenyamaza. Shemeji yuko mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kumbe amesikia kila kitu kutoka kule juu. Kaniuliza polepole, bila utani, jambo ambalo sijaliona kwake tangu niolewe: kwa hiyo jana nilikuwa namtoa hatarini yeye tu?

Kule simu bado inaita.