Nimewafundisha Majirani Kulinganisha Bei, Sasa Mume Wangu Katumwa Kunisaka

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma mashaka ya watu. Naomba unisikilize na mimi, maana nina furaha inayotaka kunirusha juu na hofu inayonikalisha chini, vyote kwa wakati mmoja, na wote ambao ningewakimbilia wamo ndani ya kisa chenyewe.

Mimi ni mwoka keki, naokea nyumbani. Mume wangu ni msimamizi wa rafu kwenye supamaketi kubwa ya mtaani kwetu, yaani yeye ndiye anayeamua sabuni zikae wapi na tambi zikae wapi, na vile vikaratasi vya bei ni yeye na wenzake wanaovibandika. Tunapendana, hilo silifichi. Sasa yote haya yalianzia kwenye keki ya siku ya kuzaliwa ambayo ilitoka kavu mpaka mteja akaniuliza mbele ya wageni wake, "Dada, hii keki au tofali?" Nikalaumu oveni, nikalaumu mayai, nikalaumu hata mvua, mpaka nilipochukua kopo la siagi, lile lile ninalonunua siku zote, nikaikwangua siagi yote nikaiweka kwenye mizani yangu ya jikoni, nikakuta imepungua! Kopo lile lile, kifuniko kile kile, bei ile ile, ila maandishi madogo chini yamebadilika, zamani yalisema gramu mia tano na sasa yanasema mia nne na hamsini, na mimi kwa mazoea nilikuwa namimina kopo zima kwenye unga nikijua ni nusu kilo. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Tangu hapo, mshauri, macho yamenifunguka na hayafumbiki tena. Naingia dukani kwa mume wangu na kikokotoo cha simu, nagawa bei kwa uzito, najua kilo moja inaniangukia kiasi gani, halafu naenda supamaketi nyingine, ile ya stendi, nagawa tena. Nimeyaona mambo! Ile sabuni ya unga ya "pakiti ya familia", yenye picha ya mama anayecheka, kumbe kwa kilo ni ghali kuliko pakiti ndogo! Tambi za "nunua mbili upate ya tatu bure" zilipandishwa bei wiki iliyotangulia, kwa hiyo hiyo ya bure nimeilipia mwenyewe! Na kuna wakati mambo yanageuka, mafuta ya kupikia ya bei ya juu ndiyo nafuu, kwa sababu yale ya rahisi yanatoka povu tu kwenye kikaango, unamimina na kumimina, chupa imekwisha na kitunguu hakijaiva. Moyo unanidunda nikigundua kitu kama hicho, natamani kumshika mkono mtu yeyote aliye karibu na rafu nimwonyeshe.

Nikashindwa kuvumilia. Nikarekodi sauti fupi kuhusu ile sabuni, nikamtumia rafiki yangu msusi, yeye akaitupa kwenye kundi la simu la wateja wake bila kunitaja, na nilikuwa nimebana pua kidogo ili nisijulikane. Mshauri, ile sauti ilienea! Wakaomba nyingine, nikawapa ya tambi, wakaomba ya mafuta, sasa wananiita Mama Mizani na hakuna anayejua ni nani isipokuwa huyo msusi, na msusi na siri unajua mwenyewe. Hata mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunisifia hata kikombe cha chai, alikuja nyumbani na simu mkononi akaniambia, "Mkwe, msikilize huyu mwanamke, huyu kalelewa. Ungekuwa na akili kama yake mwanangu angeshajenga." Nikasema ndiyo mama, nikaingia jikoni nikauma taulo nisipige kelele za furaha.

Basi furaha yangu ikaishia mezani. Mume wangu alirudi kazini, nikampakulia supu, akasema, "Leo meneja katuwekea sauti ya mwanamke fulani mbele ya wafanyakazi wote."

"Anasemaje?"

"Anasema pakiti kubwa ya sabuni ni wizi wenye picha nzuri."

Nikajifanya nakohoa. "Na meneja kasemaje?"

"Kasema sabuni kubwa zimeota vumbi kwa sababu ya huyo mama. Kanipa mimi kazi ya kumtafuta. Anasema msimamizi asiyejua kwa nini bidhaa za rafu zake hazitoki, hana haja naye." Akaangalia bakuli. "Supu leo ina chumvi."

Tangu siku hiyo sina raha. Sijarekodi tena, na wanawake wanauliza Mama Mizani kapatwa na nini. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba duka la mume wangu lina unga na mayai ya bei nzuri kuliko kote, lakini sijawahi kusema, nisije nikajulikana au nikaonekana nampigia debe mume. Na nyumbani mambo hayako sawa. Mizani yangu ilizimika katikati ya oda ya keki, nikaiacha nimekata tamaa, kesho yake nikaikuta inawaka, nikafungua nikaona betri mpya, nikadhani nilibadilisha mwenyewe nikasahau, maana kichwa changu siku hizi hakipo. Yeye naye kaanza kuongea mambo ya kazini ambayo zamani hakuwa akiyaleta nyumbani, juzi bila kuulizwa kaniambia mchele wa mfuko mkubwa utapandishwa Jumatatu, eti "nakwambia tu". Naona ni mawazo yanamsumbua, maskini.

Niache kabisa? Niendelee kimya kimya? Nikimwambia, si ataona kikulacho ki nguoni mwake? Akifukuzwa kazi kwa mdomo wangu nitamtazamaje? Nisaidie, na usinitaje.

Mama Mizani

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi pia ninayo hiyo pakiti ya familia jikoni, na tangu sauti yako ya sabuni inifikie, yule mama wa kwenye picha naona ananicheka mimi. Kwa hiyo pokea hongera zangu kwanza, maana baada ya hapa nakusema.

Hukuiba na hukusema uongo. Kilo ni kilo, na anayekasirika kwa sababu wateja wamejifunza kugawa hana kesi na wewe. Umewaambia wenzako kwamba kikubwa si lazima kiwe nafuu na kwamba cha bei ya juu mara nyingine ndicho chenye faida, na hayo wengi tunazeeka bila kuyajua. Raha unayoipata usiionee haya.

Lakini hiyo mizani yako umeiegemeza upande mmoja. Unga mzuri na mayai mazuri ya duka la mumeo umeyaficha kwa kuogopa maneno, ukatangaza sabuni peke yake. Aliyekusikiliza akaenda stendi kununua unga kwa bei ya juu, umemsaidia nini? Anayelinganisha husema vyote, hata kinachompa faida mume wake.

Halafu kubana pua! Mwanangu, mtu unayekula naye na kugombania naye shuka, akishindwa kukutambua kwa sababu umebana pua, mpeleke hospitali ya masikio haraka. Alikaa kwenye kile kikao, sauti yako ikalia mbele ya wafanyakazi wote, akatulia. Akaja nyumbani akakueleza kila neno alilosema meneja, akasingizia chumvi ya supu. Hukuona? Wewe unayesoma maandishi madogo chini ya kopo la siagi umeshindwa kumsoma mumeo, ambaye ameandikwa kwa herufi kubwa!

Anajua. Amejua tangu mwanzo, na ndiyo maana nakukemea. Bila shaka kila asubuhi meneja anamuuliza, "Umempata?" naye anajibu bado, na huo uongo anausema kwa ajili yako, peke yake, huku wewe unamhurumia eti ana mawazo. Mficha uchi hazai. Umeweza kuniambia mimi, na mimi nakuchapa gazetini, kwa hiyo zungumza naye leo kabla hajafika kwenye ukurasa huu. Nasikia wanaume husoma michezo kwanza, basi unayo nafasi kidogo.

Sasa nisikilize vizuri. Usirekodi chochote mpaka mmeongea. Habari ya mchele usimpe mtu, hata msusi, hasa msusi, maana hiyo si hesabu yako ya dukani, ni siri ya kazi yake, na hiyo ndiyo itakayomfukuzisha kweli. Subiri bei ibandikwe, kisha linganisha kama mteja mwingine yeyote.

Mkishaelewana, aende kwa meneja na jibu la lile swali alilopewa. Kaulizwa kwa nini rafu hazitoki. Aseme: hazitoki kwa sababu wateja wamejua kugawa, na duka litakalowagawia ndilo watakalolikimbilia. Chini ya kila bei kiandikwe kilo inaangukia kiasi gani, kwa maandishi ambayo hata mama mkwe wako atayaona bila miwani, na ile sabuni ya familia ishushwe mpaka iwe nafuu kweli. Kizuri chajiuza. Ajaribu rafu moja tu, ya unga, ambako tayari wanashinda. Meneja anaweza kukataa, sikudanganyi, na mameneja wengine hupenda vumbi lao. Lakini akikataa mtakuwa wawili wa kufikiri, na kwa mtu mwenye kichwa cha kutoa wazo kama hilo, supamaketi ya stendi nayo ina rafu.

Siku utakaporekodi tena, achia pua. Anza na unga na mayai, sema wazi kwamba mumeo anafanya kazi pale, waache wapime wenyewe. Na mama mkwe umwambie mwenyewe, ana kwa ana, ili uuone uso wake. Hiyo nakuonea wivu.

Kuhusu kumwogopa mumeo, sikiliza. Mizani ilizima, ukakata tamaa, asubuhi ikawaka. Betri hazijibadilishi. Kuna mtu alipita kwenye rafu zake mwenyewe, akachagua, akalipa, akazileta nyumbani na kuziweka bila kusema neno. Mtu anayekusaka hakununulii betri, mwanangu. Mpakulie supu, na leo angalia chumvi.