Mpaka Amwone Korongo

26 Februari

Binti yangu Rumyana,

Hujambo huko Vienna? Unakula? Sisi wazima. Mbuzi kazaa mapacha, na goti langu linauma mvua ikikaribia tu, kwa hiyo nina faida kuliko redio.

Humu nimekutilia uzi wa Bibi Marta, yule ajuza wetu wa mwezi Machi, mwekundu na mweupe. Uvae tarehe mosi Machi, usiuvue mpaka umwone korongo wa kwanza, hata maprofesa wakikucheka. Dukani wote nimewaambia wewe ndiye unayeifundisha damu kupigana na saratani ya tezi dume. Penka akadakia, "Si juzi ulisema anafuga panya?" Nikamjibu, "Panya wa chuo kikuu, dada. Wamesoma kuliko wewe."

Sasa jambo lenyewe. Baba yako siku hizi hapiti mti asisimame. Mjini anajua vyoo kuliko maduka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu anasikia kila kitu, isipokuwa ninapomwita.

Mama yako, Ginka

9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lisikusumbue sana. Uzi ninao mkononi hata maabarani, chini ya glavu. Mwekundu na mweupe: ndiyo kazi yangu yote. Chembe nyeupe za damu ni askari wetu. Saratani haiji na pembe, Mama. Huvaa nguo za nyumbani, askari wakapita wakaiamkia. Miaka yote hii nawafundisha wasiamkie ovyo.

Lakini hakuna dawa yangu inayoshinda kuiwahi. Babu alikufa kwa hiyo hiyo. Huenda kwa Baba ni uzee wa tezi tu, huenda siyo. Apimwe damu, tafadhali.

Mwanao, Rumyana

4 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, na Penka anakusalimu, ingawa kwa shingo upande.

Nilimsomea baba yako barua yako, nikaruka neno "saratani". Akanuna hata hivyo. "Nimemsomesha ili aje kuisoma suruali yangu?" Nikalia kidogo, kwa sauti. Akasema, "Basi, Ginka! Nitakwenda siku nitakayovua uzi wangu huu. Nikimwona korongo."

Velko wangu havunji neno, unamjua. Lakini sikia ujanja! Korongo wamefika, kijiji kizima kimevua nyuzi, na baba yako anatembea kofia imeshuka mpaka puani, macho chini. Baani wanamtania, "Velko, umedondosha nini?" Juzi mmoja katua juu ya bomba letu la moshi, akagonganisha mdomo, ka-ka-ka. Nikasema, "Umesikia?" Akajibu, "Kusikia si kuona," akaingia zizini kinyumenyume.

Mama yako, Ginka

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikalia. Usimgombeze. Hamkimbii korongo, anakimbia kuitwa mgonjwa mbele ya watu. Punguza maneno ya dukani, nakuomba. Na umwambie hivi: siisomi suruali yake, nataka siku zake ziwe nyingi.

Niandikie upesi.

Mwanao, Rumyana

2 Juni

Rumyana wangu,

Habari za siku nyingi? Umeandika mara mbili, sikujibu. Nilitaka nije na habari nzima.

Dukani nilifunga mdomo. Penka akadhani naumwa jino. Na yale maneno yako nilimpa baba yako, akachukua ndoo akaenda kukama. Basi asubuhi moja kainama kwenye birika la kunyweshea mbuzi kuopoa majani, macho chini kama kawaida yake, na korongo akapita juu. Akamwona ndani ya maji! Mzima mzima, na miguu yake myekundu. Nilikuwa mlangoni, nikangoja aseme maji si mbingu. Akavua kofia. "Nipe shati safi," akasema.

Hospitalini walipima damu, wakachukua na kipande cha nyama ya tezi. Ndiyo yenyewe, mwanangu. Lakini ndogo, haijatoka nyumbani kwake. Wameshaikata, na daktari kasema tumeiwahi. Uzi ameufunga mtini kama desturi, kwenye mtufaha wa uwanja wa hospitali.

Anataka kuongeza neno. Nampa kalamu, vumilia mwandiko.

Mama yako, Ginka

Mwanangu,

Naendelea vizuri, supu naila. Daktari aliniuliza nani kanituma mapema hivi. Nikasema korongo. Akacheka, akatazama jina la ukoo, akauliza kama nina undugu na yule Rumyana anayeandika juu ya askari wa damu. Amekusoma.

Mama yako alikuwa ametoka. Ikabidi nitambe mwenyewe.

Baba