Mdoli wa Maskati

Jumanne, 25 Februari 2025

Mvua tangu asubuhi. Wateja wa kushonesha wachache, vitambaa vya Idi ndiyo kwanza vinaanza kuingia. Saa kumi jirani yetu Bi Salme kaja na mfuko — kaka yake Muntasir karudi jana kutoka Maskati, na Najiat alimpa mzigo atuletee. Najiat binti yangu yuko huko mwaka wa nne sasa, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu. Mwanawe Shamila alimwacha kwetu ana miaka minne. Leo ana minane na meno mawili makubwa mbele.

Ndani ya mfuko: sabuni za kunukia, kanzu yangu, mtandio wa mke wangu Batuli, na boksi la waridi lenye dirisha la plastiki. Mdoli. Si kama wale wanene wa kukumbatia. Huyu ni mwanamke mzima. Nywele za njano mpaka mgongoni, miguu ya korongo, kiuno — sijui niseme nini. Gauni limeishia juu ya mapaja.

Batuli kamgeuzageuza. Kasema huyu nusu ya nguo kaisahau dukani. Shamila hakucheka. Kampokea kwa mikono miwili, taratibu, kama bakuli la uji wa moto. Kaniuliza kama mama yake ndiye aliyemchagua. Nikasema ndiyo, mwenyewe. Hakuuliza kingine.

Alhamisi, 27 Februari

Kumbe mdoli ana kesi. Shamila alimpeleka madrasa, kamficha kwenye mfuko wa juzuu. Jioni Ustadhi Rashidi kawarudisha wote wawili mwenyewe, kwa adabu. Hagombi, kasema, ila leo hakuna aliyesoma, na wazazi wawili wamekwisha kulalamika.

Kibaraza changu kikageuka bunge. Mwalimu Magreth, anayemfundisha Shamila shuleni, alikuwa amefuata sketi yake. Yeye hakuwa na neno na nguo za mdoli. Kasema hata huko ilikotoka midoli hii inagombaniwa: watoto wa kike wanaitazama, halafu wanajitazama wenyewe, wanajiona wameumbwa vibaya. Bi Salme akapinga. Babu zake waliingia hapa Tabora na misafara kutoka pwani, na yeye historia ndiyo silaha yake. Kasema merikani, kitambaa cha wageni, nayo ilifika hapa mabegani mwa wapagazi, na bila shaka kuna mzee alisema sasa wanawake wataharibika. Mbona tumeivaa na tumezeeka salama?

Batuli kasema merikani haikuja na matiti.

Tumecheka. Hata ustadhi, ingawa aligeukia barabarani.

Nimeamua mdoli abaki nyumbani. Shamila kakubali haraka mno. Nilitegemea kilio.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Shamila kasema mwaka huu hafungi nusu siku kama watoto, anafunga mpaka magharibi. Batuli kamwambia ajaribu, akichoka ale, hana dhambi. Hakuchoka. Adhana ilipolia kanywa maji, kala tende moja, kasema imetosha. Nimemwona mkubwa ghafla. Laiti Najiat angemwona.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi juu ya kazi. Mama mmoja wa Puge kaleta jora zima la kitenge, watoto na wajukuu wote wavae sare. Mabaki yake nikamshonea mdoli gauni la heshima, ili Batuli apumue. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Miaka thelathini na moja nimepima watu. Wajawazito, maharusi, wenye vibiongo. Huyu kanishinda. Kifua kinataka kitambaa, kiuno hakitaki. Ukikata kwa kifua, chini anaogelea. Ukikata kwa kiuno, haingii. Na hasimami — nyayo zimekunjwa, hata peku yuko juu ya visigino. Mwishowe nimemwegemeza kwenye boksi la nyuzi ili nimwone vizuri.

Shamila alikaa miguuni pangu ananipa pini. Nikamwambia mtu wa umbo hili angekuwa hai, ndoo ya maji asingeiinua.

"Hahitaji kuinua, babu," kasema. "Huyu anapendwa tu."

Nilicheka. Sasa naandika na sikumbuki nilicheka nini.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kumi na mbili, na mtoto hajaacha kufunga hata moja. Juzi Ustadhi Rashidi alimsimamisha mbele ya wenzake, akamwombea dua. Batuli kautangazia mtaa mzima.

Leo nimempima gauni la Idi. Daftari langu lina vipimo vya sare yake ya shule, Januari: kiuno inchi ishirini na mbili. Leo ishirini na nusu. Nikadhani utepe umepinda. Nikapima tena. Ishirini na nusu. Mbavu nimezihisi kwa vidole, moja moja.

Naye kageuza shingo ananitazama, uso umechanua.

"Kimepungua, babu?"

Nimepima watoto wa watu wangapi mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo kwa furaha. Nikaandika kipimo, nikamwambia akacheze. Sijamwambia Batuli.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia. Batuli kaenda moja kwa moja kwenye begi la shule la Shamila. Michembe ya jana, viazi vikavu vya karanga, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Viazi vya futari ya juzi, vimeanza kunuka. Kipande cha mkate. Na daku, kakiri baadaye, amekuwa akiwatupia kuku.

Tulikaa naye mkekani. Sikupaza sauti. Nilimuuliza tu, funga hii ni ya nani.

Shamila kachezea ukindu wa mkeka. Halafu kasema mama yake ndiye aliyemtuma mdoli. Kwenye simu mama huwa hasemi anataka nini, anasema tu uwe mtoto mzuri, uwe mtoto mzuri. Sasa katuma picha ya huo uzuri. Mama akirudi amkute yuko hivyo. Nywele na rangi haziwezi, kajaribu kujisugua na jiwe la kuogea mpaka ngozi ikauma, kaacha. Kiuno kinawezekana.

Batuli kamnyanyua mdoli kwa nywele. Anakwenda jikoni, anamtia motoni, leo hii. Shamila hakulia. Kasimama tu, mikono imelegea, midomo mikavu. Nikamnyang'anya Batuli mdoli. Nimemfungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Sijui nimemwokoa nani.

Baadaye mchana tumempeleka zahanati. Damu iko sawa. Uzito umeshuka. Dawa, kasema mganga, ni chakula, kidogo kidogo, na msimwache peke yake wakati wa kula.

Jumamosi, 15 Machi

Ustadhi Rashidi kaja. Habari zilimfikia kabla sijazipeleka. Kakaa kwenye benchi la wateja, kavua kofia, kaivaa tena. Kasema yeye ndiye aliyemsifu mbele ya darasa. Watoto wengine sita sasa wanajilazimisha kufunga kwa ajili ya dua ile.

Nikamwambia sisi tulimsifu zaidi.

Kamwita Shamila. Nilidhani atampa hotuba ya masanamu. Kamwambia Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake na Mtume hakumnyang'anya. Kamwambia mwili ni amana, na mtoto anayejinyima chakula cha Mungu kwa siri hajafunga, amejificha tu. Kisha kamwomba ale mbele yake, mchana ule wa Ramadhani. Batuli kaleta uji. Ustadhi kakaa pale, midomo imekauka kwa saumu, anamngoja mtoto anywe. Kikombe nusu.

Alipoondoka Batuli kasema, "Yule kijana nilimdhania mkali."

Jumapili, 16 Machi

Najiat kapiga, siku yake ya mapumziko. Nilitoka nje na simu, nikamweleza yote. Sauti ikawa inakwaruza, nikadhani ni mtandao.

Alikuwa analia. Kwenye nyumba anayofanya kazi kuna binti mdogo, rika la Shamila, ana midoli ya namna hiyo rafu nzima. Kazi mojawapo ya Najiat ni kuichana nywele kila Ijumaa. Kasema, "Baba, mikono inamchana yule, moyo unamchana Shamila." Ndiyo akakusanya pesa akanunua mmoja. Ili wakiwa wanachana, wachane wote wawili, yeye huku na mwanawe kule. Kiuno hakukiona kabisa.

Nilijilaumu. Mimi ndiye fundi, kiuno nilikiona siku ya kwanza.

Nikampa Shamila simu. Kasikiliza, kasikiliza. Halafu kauliza: "Mama, wewe kiuno chako inchi ngapi?"

Nilisikia sauti ya Najiat ikicheka na kulia pamoja. Sijui, mwanangu, kasema. Nimenenepa sana huku. Utanipima mwenyewe. Nimepata ruhusa, naja baada ya Idi.

Nimefungua mtoto wa meza. Batuli kaguna lakini hakuzuia.

Alhamisi, 20 Machi

Utepe wangu wa kupimia sina. Anao Shamila. Anapima dunia. Batuli, thelathini na tisa na nusu. Mwalimu Magreth, thelathini na nne. Muntasir kakataa, halafu kakubali, arobaini na mbili, kalaumu biriani za Maskati. Bi Salme alibana pumzi, Shamila akamwambia bibi, pumua, fundi hapimi hivyo. Arobaini na sita. Bi Salme kasema kati ya hizo sita, tano ni za watoto wake, na hamrudishii mtu.

Anaandika kila kitu kwenye karatasi. Mdoli naye kampima: inchi tatu na ushehe. Kaja kuniuliza, huyu angekuwa mrefu kama bibi, kiuno kingekuwa ngapi? Tukapiga hesabu pamoja. Kumi na saba. Kanitazama. Kazungusha utepe hewani kwa kipimo hicho, kakishika kile kiduara.

"Chakula kinapita wapi?"

Nikasema hata mimi najiuliza.

Anakula. Si sana. Akila nusu sahani Batuli anaimba jikoni. Akiacha, sahani zinagongana.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nguo zote zimetoka kwa wakati, ya mwisho nimeipiga pasi baada ya alfajiri. Gauni la Shamila nililishona kwa kipimo cha Januari. Linampwaya. Kauliza mbona kubwa. Batuli kamjibu, "Hilo linakungoja, mke mwenza wangu. Halina haraka."

Kala pilau. Kaomba nyama ya pili. Nimeandika hapa nisisahau.

Jumamosi, 5 Aprili

Najiat kafika. Treni ilitarajiwa asubuhi, imeingia saa nane mchana, tumekaa stesheni mpaka Shamila kahesabu mabehewa ya mizigo yote.

Sikumjua. Namwandika mwanangu, nilimwona akishuka na nikaendelea kutafuta mtu mwingine nyuma yake. Mabega yamechongoka. Mashavu yameingia. Yule aliyesema amenenepa.

Shamila kajificha nyuma ya Batuli, kasema "shikamoo" kama kwa mgeni. Najiat kaitikia marahaba, kachuchumaa pale pale kwenye kokoto, hakumvuta. Kasema, "Nimekuja na kiuno changu, nilisema utapima." Shamila kaangalia chini. Utepe alikuwa nao shingoni, alitoka nao nyumbani makusudi. Hakuutoa.

Njia nzima walikaa mbalimbali kwenye bajaji, Batuli katikati.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika mchana, kwenye cherehani. Mteja aliniita nikaacha sinia, sasa kaondoka, na mimi sijarudi. Mlango uko wazi, nawaona.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Najiat alimchana Shamila nywele, Shamila akamchana mdoli, nusu saa nzima. Nilipita mara mbili bila shughuli.

Kisha chakula. Batuli kachinja jogoo, kapika wali wa sherehe. Najiat kala matonge matatu, kakunja mkono. Kasema ameshiba. Huko kazoea kula amesimama, haraka, kinachobaki. Kalisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja saa.

Shamila naye kakunja mkono. Matonge matatu. Nimehesabu, naye ameyahesabu.

Batuli kaona. Kanitazama mlangoni, kifua kimejaa maneno. Nimemfanyia ishara anyamaze, sijui kama nimefanya vizuri. Najiat alikuwa amenyanyua birika anawe. Kalisimamisha hewani. Katazama mkono wa mwanawe, umelala pajani vilevile kama wake, vidole vimekunjwa vilevile.

Birika kaliweka chini. Sinia kalivuta karibu. Kachukua tonge, dogo, kalitia mdomoni. Anatafuna kama mtu anayemeza dawa. Shamila hajagusa kitu, anamtazama mama yake kooni, linavyoshuka.

Najiat anachukua la pili.